Uzamili wa Sheria: Fardhi ya Kifaya Tuliyowaachia Wengine

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka misikiti yetu huwapokea vijana wanaorejea kutoka Madina, Cairo na kwingineko wakiwa na shahada za Sharia. Tunawapokea kwa furaha, tunawapa darsa baina ya Magharibi na Isha, na tunawakabidhi madrasa. Kila mwaka pia wapo vijana wetu wengine wanaohitimu shahada ya kwanza ya sheria katika vyuo vikuu vya hapa nchini. Hao huvaa majoho, wazazi wao wakafurahi, kisha wakaenda kutafuta kazi. Makundi haya mawili husali katika safu moja, lakini kila moja halijui mwenzake amesoma nini. Wa kwanza anaweza kugawa mirathi ya mabinti wawili, mke, mama na ami bila ya kushika kalamu, ila hajapata kuandika sababu za rufaa hata mara moja. Wa pili anajua rufaa huandikwa vipi na ndani ya siku ngapi, ila akiulizwa asaba ni nani, humgeukia imamu.

Rai yetu katika makala hii ni moja. Tunahitaji watu waliokusanya elimu zote mbili, na njia iliyo wazi ya kuwapata ni kuwapeleka baadhi ya vijana wetu bora wakasome shahada ya uzamili ya sheria katika chuo kikuu, ili wafanye utafiti juu ya mambo ya Waislamu wakiwa ndani ya elimu ya sheria yenyewe. Jambo hili ni fardhi ya kifaya. Wakilifanya wachache, wote tumesalimika. Asipolifanya yeyote, dhambi ni yetu sote, na madhara yake huwaangukia wajane na mayatima.

Kabla hatujaendelea, tufahamiane katika maneno. Tukisema Sharia tunakusudia hukumu za Kiislamu zilizotolewa katika Qur'ani, Sunna na ijtihadi za mafakihi. Tukisema sheria tunakusudia zile zinazotungwa na Bunge na kufasiriwa na mahakama za nchi.

Waliotusemea zamani

Hebu tuitazame historia kidogo. Wakati wa ukoloni, mashauri ya Waislamu wa Afrika Mashariki yalipopanda kwenye mahakama za juu, yaliamuliwa na majaji wasiojua Kiarabu. Kitabu chao kikubwa katika madhehebu ya Shafii kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Lakini hawakusoma Minhaj yenyewe. Walisoma tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard iliyotolewa mwaka 1914, nayo haikutoka katika Kiarabu, bali ilitoka katika tafsiri ya Kifaransa ya mwanachuoni wa Kidachi, L. W. C. van den Berg. Yaani maneno ya Imamu Nawawi yalivuka lugha mbili kabla ya kumfikia jaji aliyekuwa akiamua mirathi ya mtu wa mwambao. Na katika mwambao huo huo walikuwapo masheikh waliokuwa wakiisomesha Minhaj kwa Kiarabu chake kila siku baada ya Alfajiri. Elimu ilikuwapo, bali haikuwa ndani ya chumba cha mahakama.

Matokeo yake yalionekana katika suala la wakfu. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua katika shauri lililotoka India kwamba wakfu wa mtu kwa kizazi chake, ambao mafakiri wangeupata tu pale kizazi kitakapokatika, ni batili. Mafakihi wameujua wakfu wa namna hii na kuuandika vitabuni kwa karne nyingi. Waislamu wa India hawakulala. Mwanachuoni Shibli Nu'mani aliwaamsha watu kwa kalamu yake na kueleza hukumu ya Sharia katika jambo hilo, na mwanasheria Muhammad Ali Jinnah akaupeleka muswada katika baraza la kutunga sheria. Mwaka 1913 ikapitishwa sheria iliyourejeshea wakfu huo uhalali wake. Mwanachuoni na mwanasheria walikaa upande mmoja wa meza, na hukumu iliyotoka London ikaondolewa.

Ama huku kwetu, katika shauri la familia ya Bakhshuwen lililotoka Kenya, ambalo limo katika ripoti za sheria za mwaka 1952, Baraza lile lile lilishikilia uamuzi wake wa 1894 na kuutumia kwa watu wa Afrika Mashariki, na likasema kuwa sheria ya India ya mwaka 1913 haituhusu. Ikalazimu zitungwe sheria za hapa hapa za kuuhifadhi wakfu wa familia. Tunayataja haya ili tuone kuwa jambo likishaamuliwa na mahakama ya juu bila ya sisi kusema kwa lugha inayosikika humo, kulirekebisha huchukua miaka mingi.

Hali ilivyo leo

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni ya wakoloni nao wameondoka. Ni kweli wameondoka, lakini mashauri yetu hayakuondoka mahakamani. Tanzania Bara mahakama za makadhi za dola zilikoma pale mfumo wa mahakama ulipounganishwa mwaka 1963. Suala la kuzirejesha lilitajwa katika ilani ya uchaguzi ya chama tawala ya mwaka 2005, na limezungumzwa sana tangu hapo. Hatukukusudia kulifungua hapa. Tunachosema ni kwamba, kadhi awepo au asiwepo, ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wa Bara huamuliwa kila siku katika mahakama za kawaida, na sheria za nchi zenyewe zinazitaka mahakama hizo zitumie hukumu za Kiislamu katika baadhi ya mambo. Ni nani basi anayemweleza hakimu hukumu hizo?

Tuchukue talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107(3), inaeleza ni lini mahakama itaikubali talaka ya waliofunga ndoa ya Kiislamu. Kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Kisha, baada ya hati hiyo kutolewa, mmoja wao afanye jambo ambalo katika Uislamu linavunja ndoa. Hapo ndipo mahakama hutoa amri ya talaka. Utaratibu huu una mpangilio wake, baraza kwanza na talaka baadaye. Lakini hali tunayoiona misikitini ni kinyume chake. Mume hutamka talaka nyumbani, sheikh huandika karatasi, mke hukaa eda, na baraza hukumbukwa miezi mingi baadaye pale wanapogombania nyumba. Kwa fat'wa ya sheikh mwanamke huyu ameachika na anaweza kuolewa. Kwa daftari la serikali bado ni mke wa mtu. Sheikh hakukosea katika fiqhi, na hakimu hakukosea katika kifungu, lakini mwanamke amebaki katikati yao hana wa kumsaidia.

Tuchukue mirathi, nayo ni mazito zaidi. Mwislamu anapofariki na jamaa zake wakagombana, mahakama yaweza kuuliza: je, marehemu aliishi maisha ya Kiislamu au ya kimila? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua ni hukumu zipi zitumike. Kwa wasiojua, hili ni swali dogo. Lakini kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, hazimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na humweka binti katika daraja la tatu, la mwisho. Basi fikirini, ndugu zetu. Mjane ambaye Mwenyezi Mungu amempa thumni yake katika Suratun Nisaa, aya ya 12, anaweza kuikosa yote, si kwa sababu nchi imeikataa Sharia, bali kwa sababu mashemeji zake wamedai kuwa marehemu aliishi kimila na hakupatikana mtu wa kuithibitishia mahakama vinginevyo. Imamu aliyesali naye miaka ishirini angeweza kuwa shahidi, lakini hakuitwa wala hakujua kuwa ushahidi wake una uzito. Wasia wa maandishi ungeweza kulimaliza jambo, lakini haukuandikwa, ijapokuwa Mtume (s.a.w.) ametuhimiza, katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, tusilale masiku mawili na tuna jambo la kuusia ila wasia uwe umeandikwa.

Na hata familia isipogombana, karatasi ya mgao aliyoiandika sheikh, hata ikiwa imesibu hesabu ya faraidhi kwa sehemu ya ishirini na nne, benki haiipokei wala ofisi ya ardhi haiitambui. Vyote viwili vinamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku thelathini za kukata rufaa katika mahakama ya wilaya. Ni wangapi wamekuja kwetu baada ya miezi sita wakiuliza wafanyeje?

Wapo watakaosema kuwa dawa ni mahakama za kadhi. Tunawaomba watazame kwa jirani zetu. Kenya wana mahakama za makadhi ndani ya Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170. Ibara ya 24(4) nayo inaruhusu masharti ya usawa yapunguzwe kwa kadiri inayolazimu tu ili Sharia itumike katika mahakama hizo. Pamoja na hayo, mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanaweza kumrithi baba yao Mwislamu. Masheikh wengi walihuzunika, na minbari zikasema. Lakini shauri lile lilisimama juu ya tafsiri ya ibara hiyo ya 24(4), juu ya maana ya kulazimu na mpaka wa upunguzaji ule. Hilo hujibiwa na mtu anayeijua Usulul-fiqhi na anayejua pia namna mahakama zinavyofasiri katiba, akaandika mapema, kabla shauri halijazaliwa, maandiko ambayo mawakili na majaji wanaweza kuyasoma. Khutba ya Ijumaa ina thawabu zake, ila haimo katika jalada la mahakama.

Shaka ya wanaoogopa

Tunajua kuwa baadhi ya ndugu zetu wema wanaona uzito. Wanasema kuwa kusoma sheria zilizotungwa na watu ni kuziridhia, na wanataja aya za Suratul Maida kuhusu wanaohukumu kwa yasiyoteremshwa na Mwenyezi Mungu. Tunaiheshimu khofu yao, kwani inatokana na ghera ya dini. Lakini kujua jambo si kuliitakidi. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa kuwa hakuwaamini katika barua zake, na Zayd alijifunza kwa muda wa nusu mwezi tu. Alijifunza ili Waislamu wasidhurike kwa lugha wasiyoijua.

Na katika Suratu Yusuf, aya ya 76, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa Nabii Yusuf (a.s.) hakuwa na njia ya kumzuia nduguye kwa sheria ya mfalme. Nabii wa Mwenyezi Mungu, akiwa na cheo katika dola ya Misri, alijua sheria ya mfalme inaruhusu nini na hairuhusu nini, na kwa kujua kwake alipata njia ya halali ya kulifikia alilolikusudia. Asiyeijua sheria ya mahali alipo hawezi kujua wapi pana nafasi na wapi hapana.

Tuikumbuke pia hadithi ya Ummu Salama (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu kuwa wao humletea magomvi, na huenda baadhi yao wakawa hodari zaidi wa kuieleza hoja kuliko wenzao, naye huhukumu kwa anayoyasikia. Ikiwa hivyo ndivyo mbele ya aliye mbora wa viumbe, itakuwaje mbele ya hakimu wa leo? Mwenye haki asiye na hoja hupoteza haki yake. Hadithi hiyo pia inamwonya aliye hodari wa kuzungumza: atakayepewa kwa ulimi wake haki ya nduguye amepewa kipande cha moto. Kwa hiyo kijana tunayempeleka kusoma sheria lazima awe ameshalelewa katika taqwa, na cheti si badala ya malezi hayo.

Mlango wa kuingilia

Sasa tuwaeleze vijana wenyewe, kwani wengi wamepotezewa muda kwa kutojua njia.

Kwanza, shahada ya Sharia iliyosomwa kwa Kiarabu huwa haitoshi peke yake kumwingiza mtu katika uzamili wa sheria hapa nchini. Kwa kawaida vyuo vinataka shahada ya kwanza ya sheria. Aliyesoma nje aanze kwa kuipeleka shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe, kisha akiulize chuo anachokikusudia. Afanye hivyo kabla ya kulipa ada yoyote. Ambaye bado hajaanza shahada ya kwanza avitazame vyuo vinavyosomesha sheria na Sharia pamoja, kama vile Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanza mwaka 2005. Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1983, kinajulikana kwa masomo ya kulinganisha sheria.

Pili, uzamili si leseni ya uwakili. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara, baada ya shahada ya kwanza ya sheria, hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Uzamili ni elimu ya utafiti, na faida yake kwetu ni kutoa watakaoandika, watakaosomesha vyuoni, watakaoshauri wanaotunga sheria na watakaosikilizwa na majaji. Tunawahitaji mawakili na tunawahitaji watafiti, lakini kila mmoja ana njia yake.

Tatu ni lugha. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na hilo ni neema kwa wasomi wetu wa Kiarabu, kwani maneno ya mirathi, wasia, wakfu, talaka na eda tayari ni Kiswahili. Hata hivyo, vitabu na hukumu za miaka iliyopita vimeandikwa kwa Kiingereza, na uzamili husomeshwa kwa Kiingereza. Aliyesoma kwa Kiarabu asione aya kujifunza. Zayd alijifunza akiwa mwandishi wa wahyi.

Nne, na hili ndilo muhimu kuliko yote, ni mada ya tasnifu. Mwanafunzi wa uzamili huandika utafiti mrefu, na wengi wa vijana wetu huchukua mada iliyo rahisi kumalizika. Tunawanasihi wachukue mada inayowagusa watu wao. Mada zipo. Mahakama inapouliza kuhusu maisha ya marehemu, ni ushahidi gani umekubaliwa na upi umekataliwa? Kifungu cha 107(3) kimetumiwaje tangu mwaka 1971? Na lipo suala la mali ya wanandoa. Katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Wako masheikh wanaoliona jambo hili kuwa geni kabisa katika Uislamu. Lakini mafakihi wa Kimaliki wa Morocco walizungumza tangu zamani juu ya haki ya jasho la mke, na katika karne ya 16 Ibn Ardun alitoa fat'wa mashuhuri kuhusu wanawake wa milimani waliolima pamoja na waume zao. Atakayeusoma mjadala ule kwa Kiarabu, kisha akauweka mbele ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, ataandika kitu ambacho hakimu na sheikh wote wawili watakihitaji.

Wajibu wa jamaa wa msikiti

Ndugu Waislamu, haitoshi kuwaambia vijana waende. Masomo haya yana gharama, na mwalimu wa madrasa hawezi kuyalipia kwa posho yake. Tunazo harambee za kuezeka misikiti na kuchimba visima, nazo ni kheri kubwa. Tunapendekeza kila jamaa ya misikiti michache iliyo karibu ishirikiane kumsomesha mtu mmoja. Wenye nyumba za kupangisha waweke wakfu chumba kimoja, kodi yake iwe ni ada ya mwanafunzi wa sheria. Wakfu uliopigwa vita katika mahakama za zamani utakuwa ndio unaomsomesha atakayeutetea.

Tusiwaache mabinti zetu. Wanaosimama mahakamani wakilia kwa ajili ya mirathi na matunzo wengi wao ni wanawake, na wengi wao huona haya kumweleza mwanamume yaliyowapata. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiendewa na Masahaba wakubwa kuulizwa masuala ya faraidhi. Binti aliyehifadhi Qur'ani na kufaulu sheria asizuiwe kuendelea kwa hoja ya kuwa amesoma vya kutosha.

Naye aliyesomeshwa ajue kuwa ana deni. Akirudi, tunamtaka siku moja kwa wiki, baada ya Alasiri, akae msikitini na meza yake. Awaandikie watu wasia, awafahamishe siku za rufaa, awaeleze masheikh wa mabaraza ya usuluhishi mpangilio wa hati, na amfuate imamu kumwambia kuwa ushahidi wake unahitajika. Akifanya hayo, tutakuwa tumeipata faida ya ada yetu hata kama hakupata cheo chochote.

Suratut Tawba, aya ya 122, inatufundisha kuwa hawatoki wote kwa pamoja, bali katika kila kundi watoke wachache wakajifunze, kisha wawarejee watu wao na kuwaonya. Wachache hao wa kwetu tuwachague mwaka huu, tuwalipie, na tuwangojee warudi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awalinde wajane na mayatima wetu dhidi ya kudhulumiwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusimamia haki kwa ajili yake. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.